Tangi la mafuta limevuja: namna ya kuitafuta bima ya zamani ilipie usafishaji

Tangi la chuma lililofukiwa ardhini halitoboki kwa siku moja. Kutu hula polepole, tundu dogo hutokea, mafuta yakadondoka kwa miaka mingi bila mtu kujua, hadi siku mnunuzi wa nyumba anapotaka udongo upimwe. Huko Marekani hali hii imezoeleka kwenye sheli za zamani, na pia kwenye nyumba za majimbo kama Oregon na Washington ambako mafuta ya kupasha nyumba joto yalihifadhiwa chini ya ua. Gharama ya kuchimba na kusafisha inaweza kummaliza mwenye kiwanja. Kabla ya kukopa, tafuta makaratasi ya zamani.

Bima nyingi za dhima za wakati ule, yaani zile zinazolipa madhara uliyomsababishia mwingine, ziliangalia uharibifu ulitokea lini. Siku ya kuletwa kwa dai halikuwa jambo kuu. Mkataba uliokwisha 1972 bado unaweza kubeba uharibifu uliotokea 1972, hata kama umegunduliwa leo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupanga miaka: tangi liliwekwa lini, lilitumika hadi lini, na nani alikuwa mmiliki kila mwaka.

Miaka hiyo haina thamani sawa. Mikataba ya kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida haikuwa na kifungu cha kukataa uchafuzi, na hiyo ndiyo bora kuliko yote. Kisha kikaingia kifungu kinachokataa uchafuzi isipokuwa uwe wa “ghafla na wa ajali”. Mahakama zimegawanyika hapo. Mahakama za juu kabisa za majimbo ya Washington (1994) na Oregon (1996) zilikubali kwamba maneno hayo yanaweza kumaanisha jambo lisilotarajiwa wala kukusudiwa, kwa hiyo uvujaji wa polepole haukatazwi moja kwa moja. Majimbo mengine yanadai tukio la haraka. Kuanzia 1986 kampuni nyingi zilifunga mlango kabisa kwa kukataa uchafuzi wa kila aina. Hata hivyo, usitupe mkataba wa baada ya hapo kama uko Indiana: mwaka 1996, katika kesi ya kampuni ya bima ya American States dhidi ya Kiger iliyohusu petroli iliyovuja kwenye sheli, mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliona neno “kichafuzi” halikuwa wazi kiasi cha kumnyima mwenye sheli haki yake.

Sasa msako wenyewe. Watu wengi hutafuta mkataba kamili, wakiukosa wanakata tamaa. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mkataba uliopotea unaweza kuthibitishwa kwa ushahidi mwingine. Unachohitaji ni jina la kampuni, namba ya mkataba, tarehe, na kiwango cha juu cha malipo. Maneno ya ndani mara nyingi yalikuwa ya fomu ya pamoja iliyotumiwa na kampuni nyingi, na nakala za fomu hizo zipo. Pekua vishina vya hundi na daftari za hesabu. Omba faili la mkopo benki, kwani benki hudai bima kabla ya kutoa mkopo wa nyumba. Kwa sheli, angalia mkataba wa upangishaji na kampuni ya mafuta: mara nyingi ulimlazimu mpangaji kukata bima na kumtaja mwenye kiwanja kama mkatiwa bima wa ziada, yaani mtu mwingine anayekingwa na mkataba huohuo. Muulize mhasibu wa zamani na wakala wa bima, au aliyerithi ofisi yake. Ukipata bima ya ziada, ile inayokaa juu ya bima ya msingi, soma orodha yake kwa makini, maana humo huandikwa kampuni na namba za mikataba iliyo chini yake.

Kampuni ikiwa imebadili jina au imemezwa na nyingine, idara ya bima ya jimbo inaweza kukuonyesha aliyerithi madeni yake.

Jambo moja huwaponza wengi walionunua nyumba karibuni: bima humfuata mtu, haifuati kiwanja. Mkataba wa mmiliki wa 1965 ulimkinga yeye. Wewe uliyenunua 2015 huwezi kuudai kana kwamba ni wako. Njia ya kawaida ni kumdai mmiliki huyo wa zamani au mirathi yake, naye akaiita kampuni yake ya bima imtetee. Mara nyingi hilo si ugomvi. Mzee anaweza kufurahi kujua kwamba si lazima pesa itoke mfukoni mwake.

Toa taarifa kabla ya kuchimba. Mikataba mingi inamzuia mkatiwa bima kulipa kwa hiari yake bila ridhaa ya kampuni, na anayesafisha kwanza akadai baadaye huipa kampuni ya bima sababu ya kukataa. Yale ya dharura yafanye mara moja: nyonya mafuta yaliyobaki, zuia yasisambae, na utoe ripoti kwa mamlaka ya mazingira. Kwa matangi ya sheli, kanuni za shirikisho zinadai uvujaji unaoshukiwa uripotiwe ndani ya saa 24. Barua ya bima iende kwa kila kampuni na kwa kila mwaka, kwa posta ya rejista, ikiomba utetezi, malipo ya usafishaji, na nakala za mikataba yote waliyo nayo. Ambatisha barua ya mamlaka. Oregon ina sheria inayoihesabu barua ya idara ya mazingira inayokutaka uchukue hatua kuwa sawa na kushtakiwa, na hapo wajibu wa kukutetea unaweza kuanza.

Mwambie mtaalamu apime pia maji ya ardhini, pamoja na udongo wa mpakani. Bima ya dhima kwa kawaida hailipi uharibifu wa mali yako mwenyewe, na udongo wa uani ni mali yako. Maji ya ardhini katika majimbo mengi si yako, na udongo wa jirani ndiyo kabisa. Ripoti inayotaja udongo peke yake inaweza kuliua dai zuri.

Kampuni itakapotaka kumalizana, soma hati ya kuachilia madai neno kwa neno. Kampuni nyingi huweka sentensi inayofuta mkataba wote kwa madai yote ya baadaye. Kama malipo wanayokupa hayajapanda kulingana na hilo, dai hati itaje kiwanja hiki na uvujaji huu tu, kwa sababu maji ya ardhini yakipimwa tena baada ya miaka mitatu na mafuta yakaonekana kwa jirani, utauhitaji mkataba uleule.