Kubadilisha kichanganuzi cha amri cha zamani katika U-Boot

Sheli ya hush inayosoma amri ndani ya U-Boot (programu inayoiwasha bodi na kupakia kerneli) ilitoka BusyBox (mkusanyiko wa zana ndogo za Linux), na faili yake ya zamani, common/cli_hush.c, bado ina tarehe za hakimiliki za 2000 na 2001. Toleo la 2024.04 lilileta hush mpya, nayo pia kutoka BusyBox, ikakaa kando ya ile ya zamani. Kuibadilisha kwenye usanidi ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko kwenye skripti ambazo zimekuwa zikitegemea tabia za kichanganuzi (parser) cha zamani bila mtu kujua.

Anza kwa kuzikusanya zote. Kuna bootcmd (amri inayotekelezwa yenyewe bodi inapowaka) na vigeu vyote vinavyoitwa kwa run, kuna boot.scr (skripti ya kuwasha iliyofungashwa) na faili ya boot.cmd iliyoizaa; na kuna mazingira (vigeu vya U-Boot) yaliyohifadhiwa ndani ya bodi zilizokwisha kusambazwa. Haya ya mwisho ndiyo husahaulika. Ukirekebisha mazingira ya msingi kwenye kodi, bodi yenye mazingira yake iliyoyahifadhi kwa saveenv itaendelea kusoma yake ya zamani. Yachukue kutoka Linux kwa fw_printenv, kutoka kwenye bodi za kila kizazi cha programu dhibiti mlichowahi kutoa.

Kisha fungua menuconfig (menyu ya usanidi), nenda Command line interface, halafu Hush flavor to use. Machaguo ni haya:

CONFIG_HUSH_OLD_PARSER
CONFIG_HUSH_MODERN_PARSER

Ukiwasha yote mawili utapata amri ya cli: "cli get" huonyesha kichanganuzi kinachotumika, na "cli set modern" au "cli set old" hubadilisha. Inafaa kwa kuchunguza, lakini ina mitego miwili. Kwanza, cli set huanzisha kitanzi kipya cha amri, kwa hiyo usiiweke katikati ya skripti ukitegemea mistari inayofuata itekelezwe. Iandike peke yake. Pili, yote mawili yakiwapo, U-Boot huanza na kile cha zamani. Bootcmd hutekelezwa kabla hujapata nafasi ya kuandika chochote, hivyo bodi inaweza kuwaka vizuri siku nzima bila kichanganuzi kipya kuguswa. Jaribio la kweli ni lile ambalo HUSH_OLD_PARSER imezimwa kabisa.

Kabla ya kugusa bodi, tumia sandbox, yaani U-Boot inayoendeshwa kama programu ya kawaida kwenye kompyuta. Jenga mbili:

make O=jenga-zamani sandbox_defconfig
make O=jenga-mpya sandbox_defconfig

Ingia menuconfig ya kila moja, acha kichanganuzi kimoja tu, kisha kompaili. Endesha kwanza majaribio yaliyomo, kwa ./jenga-mpya/u-boot -T -c "ut hush". Yakipita, geukia skripti zako. Sandbox haina kadi yako wala kerneli yako, kwa hiyo amri zinazogusa vifaa zigeuze ziwe maandishi tu:

sed -E 's/\b(load|mmc|booti|bootm|saveenv)\b/echo &/' boot.cmd > jaribio.cmd
mkimage -T script -C none -d jaribio.cmd jaribio.scr
./jenga-zamani/u-boot -T -c "load hostfs - 1000000 jaribio.scr; source 1000000" > zamani.txt
./jenga-mpya/u-boot -T -c "load hostfs - 1000000 jaribio.scr; source 1000000" > mpya.txt
diff zamani.txt mpya.txt

Hiyo sed hubadilisha neno la kwanza tu katika kila mstari; mstari wenye amri mbili urekebishe kwa mkono. Kumbuka pia kwamba echo hufaulu daima. Njia ya "kerneli haikupatikana, jaribu ya akiba" haitapitiwa mpaka uweke false mahali pa load na kurudia. Usiiruke, kwa sababu njia za kushindwa ndizo zisizopimwa na mtu hadi siku zinapohitajika.

Sasa tofauti zenyewe. Inayouma zaidi ni alama za < na >. Kichanganuzi cha zamani huzipitisha kama zilivyo hadi kwenye test, ambayo hulinganisha maneno kwa mpangilio wa kamusi. Kipya huziona kama alama za kuelekeza data, kwa hiyo ni lazima zitanguliwe na mkwaju wa nyuma: test aaa \< bbb. Ndani ya faili ya kichwa ya C mkwaju huo unakuwa miwili, maana kompaila hula mmoja. Ushauri wetu ni kuachana nazo kabisa. Mara nyingi aliyeandika < alikuwa analinganisha namba, na kwa namba -lt na -gt ndizo sahihi: kwa mpangilio wa kamusi, 10 huja kabla ya 9.

Vigeu vya ndani, vile unavyoandika x=5 bila setenv, kwenye hush ya zamani havifutiki vikishawekwa. Kwenye mpya, x= hukiacha kitupu. Skripti inayopima kama kigeu ni kitupu inaweza kufuata njia nyingine. Minyororo inayochanganya && na || iandike upya kwa if, na thamani zenye alama za nukuu ndani yake zipime moja moja. Wala jina la BusyBox lisikupe matumaini makubwa: if, for, while na until zipo, lakini hutapata function za sheli.

Ukubwa nao. Linganisha u-boot.bin ya kabla na ya baada kwa stat -c %s. Tuseme faili inaandikwa kwenye flashi kuanzia 0x10000 na CONFIG_ENV_OFFSET ni 0x80000: nafasi ni 0x70000, yaani baiti 458752. Ikizidi hapo, bodi inaweza kuwaka vizuri baada ya kuandikwa. Itakufa baadaye, mara baada ya saveenv ya kwanza, kwa sababu mazingira yataandikwa juu ya mkia wa U-Boot. Weka CONFIG_BOARD_SIZE_LIMIT ili kosa likamatwe wakati wa kukompaili.

Kwenye bodi halisi, anza na kadi ya SD, au upakie kupitia USB au UART ikiwa ROM ya chipu inaruhusu, ukiacha flashi ilivyo. Ukishafika kwenye flashi za bodi zilizo mbali, fikiria kitakachotokea skripti ikikataliwa na kichanganuzi. Bodi haianguki, inasimama kwenye mstari wa amri ikisubiri mtu. Kuongeza "; reset" mwishoni mwa bootcmd hakusaidii kosa likiwa la sintaksia, maana hata reset haitafikiwa. Watchdog (saa inayoiwasha bodi upya isipohudumiwa) nayo huenda isilipuke, kwa kuwa U-Boot huihudumia hata ikisubiri kibodi. Kinachofanya kazi ni CONFIG_BOOT_RETRY pamoja na CONFIG_RESET_TO_RETRY, na CONFIG_BOOT_RETRY_TIME ya sekunde 30 hivi: muda ukiisha bila mtu kuandika, bodi hujiwasha upya. Hapo CONFIG_BOOTCOUNT_LIMIT ina cha kuhesabu, na bootcount (hesabu ya majaribio ya kuwaka) ikizidi bootlimit, U-Boot huendesha altbootcmd (amri ya akiba). Hakikisha hesabu hiyo imewekwa mahali pasipofutika kwa reset, na altbootcmd iwe amri tupu zilizotenganishwa kwa nukta-mkato, bila if, bila nukuu, bila && wala ||.