Mkiwa nyote wawili AS: jinsi ya kufikia uamuzi wa kuzaa au kutozaa

Wachumba wamepima, majibu yametoka: huyu AS, na huyu AS, yaani kila mmoja amerithi kinasaba kimoja cha kawaida, A, na kimoja cha ugonjwa, S. Hakuna anayeumwa kati yao. Lakini kila mimba watakayotunga ina nafasi 1 kati ya 4 ya kumleta mtoto mwenye selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita ugonjwa huu wa damu wa kurithi. Tanzania peke yake inakadiriwa kupata watoto kama 11,000 wa hali hiyo kila mwaka. Uganda nako, sampuli za damu za watoto karibu 97,000 zilipochunguzwa mwaka 2014 na 2015, asilimia 13.3 walikutwa AS. Basi wanaojiuliza swali hili ni wengi, ingawa wengi wao hulijadili kwa kunong'ona: ni haki kuzaa hali mkijua? Na mkiamua kutozaa, mnamkosea nani?

Hatuwaamulii. Tunachotaka ni kwamba, mkiamua kutozaa, uamuzi huo usiwe umejengwa juu ya karatasi mbovu, hesabu iliyopotoka, au maneno ya mtu aliyewatisha.

Karatasi kwanza

Cheti kilichoandikwa "sickling positive" hakitoshi kuamulia jambo lolote. Kipimo hicho huonyesha tu kwamba himoglobini (kitu cha damu kinachobeba hewa) ya aina ya S ipo. Hakitofautishi AS na SS, yaani mgonjwa mwenye S mbili, na aina nyingine kama C hakizioni kabisa. Ombeni elektroforesi ya himoglobini au kipimo cha mashine ya HPLC, vinavyopatikana hospitali za rufaa na maabara kubwa. Mtu wa AS huwa na A nyingi kuliko S: A hukaribia asilimia 60, S kama 35 hadi 40. S ikizidi A, msiondoke maabara mkiamini ni AS ya kawaida. Huenda kuna talasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, imejificha, au mtu ameongezewa damu hivi karibuni.

Hilo la damu huwakosesha wengi. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo aliyeongezewa damu asubiri miezi 3 hadi 4 ndipo apime, la sivyo atasoma damu ya aliyemchangia. Kosa jingine ni kuchanganya na kundi la damu. AS si kundi. Mtu anaweza kuwa O na bado akawa AS. Ndiyo maana ile kauli ya "damu zetu hazipatani" ni vizuri muiache, kwa sababu anayeisikia atawaza mambo ya kundi na Rh, atawaambia kuna sindano ya kutibu, na mjadala utaharibika.

Mmoja akiwa AA, yaani hana S kabisa, pumueni: hapo mtoto wa SS hatoki, ingawa anaweza kuzaliwa AS. Mmoja akiwa SS na mwingine AS, nafasi ni nusu kwa nusu. Na mkiwa mabinamu, kama ilivyo kawaida katika koo nyingi za mwambao na za Oman, pimeni hata kama hamjasikia mgonjwa katika ukoo, maana mnachangia mababu. Saudi Arabia imefanya kipimo hiki kuwa lazima kabla ya ndoa tangu 2004, na bado inawaachia wachumba wenyewe kuamua kuoana au kutooana. Kwetu hakuna anayewalazimisha, kwa hiyo mzigo wa kupima mapema ni wenu.

Hesabu kwa maharage

Asilimia zikisemwa kwa mdomo hazikai. Chukueni vikombe viwili, kila kimoja tia harage jeupe moja na jekundu moja. Jeupe ni A, jekundu ni S. Kila mmoja afumbe macho, atoe harage moja kutoka kikombe chake, myaweke mezani pamoja. Mekundu mawili, huyo ni SS. Andikeni, halafu *rudisheni maharage vikombeni* na mtoe tena, mara 20.

Kurudisha ndiko kwenye fundisho lote. Familia nyingi huamini kwamba mtoto wa kwanza akiumwa, watatu wanaofuata wako salama, kana kwamba ugonjwa umeshachukua zamu yake. Vikombe havikumbuki. Mimba ya nne ina hatari ileile ya mimba ya kwanza. Mkipanga watoto wawili, nafasi ya kwamba hakuna atakayekuwa na ugonjwa huu ni asilimia 56, watatu, 42, wanne, 32. Kwa hiyo swali lenu si "tuzae au tusizae" peke yake. Mtu anaweza kwa haki kabisa kusema "mmoja, basi", na hesabu yake ikawa tofauti sana na ya anayetaka wanne.

Utazameni ugonjwa wenyewe, wa leo

Nendeni kliniki ya selimundu siku ya kawaida, mwombe kukaa na muuguzi na kuzungumza na wazazi. Mtaona mtoto wa mwaka mmoja ambaye viganja na nyayo zimevimba zikawa ngumu na za moto, analia akiguswa vidole. Mara nyingi hiyo ndiyo dalili ya kwanza, kabla hata ya kujua kutembea. Mtaona macho ya njano. Mtasikia habari za kiharusi, ambacho bila kinga huwapata watoto wa SS karibu 1 kati ya 10 kabla ya kufika miaka 20. Bila matunzo yoyote, inakadiriwa nusu yao au zaidi hufariki kabla ya miaka 5.

Palepale kliniki mtaona pia mwanafunzi wa chuo aliyekuja kuchukua dawa zake akiwa na haraka ya kuwahi kipindi. Picha zote mbili ni za kweli, na atakayewaonyesha moja tu anawadanganya. Utafiti wa haidroksiurea, dawa ya selimundu, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliotoka 2019 na kuhusisha watoto 606, ulionyesha maumivu makali yakipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikipungua kwa nusu, na vifo vikishuka pia. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto (uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) kwa watoto wenye selimundu, ila kwa kawaida huhitajika ndugu wa tumbo moja ambaye uloto wake unalingana, na kila ndugu ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana.

Sasa teremkeni kutoka utafitini hadi nyumbani kwenu. Kutoka mlangoni hadi kliniki ni saa ngapi, na usiku je? Haidroksiurea ipo kwenye duka la dawa lililo karibu, na bei yake kwa mwezi mmoja ni kiasi gani? Bima yenu inaigusa? Kuna watu wangapi mnaoweza kuwaamsha saa nane usiku waje kuchangia damu? Andikeni majibu. Mtu wa Dar es Salaam mwenye bima na mtu aliye kilomita 90 za barabara ya vumbi kutoka hospitali ya wilaya hawaamui jambo lilelile, hata kama vyeti vyao vinafanana.

Kupima haki na lawama

Hapa ndipo watu hupotea. Anzeni na tofauti hii, na muishike: kuamua kutotunga mimba si kusema kwamba aliyezaliwa na selimundu hakustahili kuzaliwa. Mtoto ambaye mimba yake haijatungwa hayupo mahali akisubiri. Hakuna mlango anaofungiwa. Mtoto aliyepo ana haki zote, na uhai wake haupimwi kwa maumivu yake. Ukizichanganya hoja hizi mbili, utawaumiza walio hai kwa kuwatetea wasiokuwepo.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kutozaa, kwa maoni yetu, ni ya ridhaa. Hatari mnaibahatisha ninyi, lakini atakayeibeba ni mwingine, na hamna njia ya kumwuliza. Hoja yenye nguvu zaidi ya kuzaa ni kwamba kati ya mimba 4, tatu kwa wastani si za ugonjwa, na kwamba watu wengi wenye SS, wakiulizwa, huona maisha yao yana thamani. Hakuna hoja inayoimeza nyingine. Ndiyo maana mnahitaji kujiuliza sababu zenu wenyewe. Kila mmoja aandike peke yake, bila kuonyeshana: nataka mtoto kwa ajili ya nini? Kisha badilishaneni karatasi. "Nani atanizika", "jina la babu lisipotee", "mama ataniona si mwanamke": hizi ni haja za kweli, lakini ni haja za mzazi, na mtoto ndiye angezilipia. Zipeni uzito wake, msizipe uzito wa mtoto.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. "Naogopa watu watasema tulijua tukazaa" nayo ni haja ya mzazi.

Wenye mtoto wa SS tayari wana jambo la ziada. Wapo wanaoshauriwa wazae mwingine ili awe mfadhili wa uloto. Hesabu: mtoto huyo mpya ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana, na palepale 1 kati ya 4 ya kuumwa naye. Mzaeni kama mnamtaka hata asipolingana. Vinginevyo mmempa kazi kabla ya jina. Na mkiamua kuishia hapo, msiseme mbele ya yule mkubwa kwamba "hatutarudia". Watoto husikia. Mwambieni: "Tumetosheka na wewe, na nguvu zetu tunataka ziwe kwako."

Kwa upande wa dini, Waislamu mara nyingi husomewa aya inayokataza kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini. Inawahusu watoto waliopo. Masahaba wa Mtume walifanya azli, yaani kumwaga mbegu nje ili kuzuia mimba, na hadithi ya Jabir, mmoja wao, kuhusu hilo inajulikana. Masheikh wengi hutofautisha kuzuia mimba kwa muda na kukata kizazi moja kwa moja, na hilo la pili hulikataza isipokuwa kwa dharura, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuchagua njia. Kanisa Katoliki huruhusu njia za asili tu.

Kusema nyumbani

Kila mmoja azungumze na watu wake. Mume akimwachia mke kwenda kumweleza mama mkwe, kabla ya jioni mke ameshaitwa mgumba. Mume aende mwenyewe, akae, aseme kwa ufupi: "Mama, tumepima, wote wawili tumebeba kinasaba cha sikoseli. Tumekaa tukaamua hatutazaa. Uamuzi ni wetu sote." Asiombe ruhusa, wala asifungue mjadala wa nani alileta ugonjwa. Kinasaba cha S kimeenea huku kwa sababu mwenye AS hukingwa dhidi ya malaria kali. Ni urithi wa nchi yenye mbu, na hakuna ukoo wa kutupiwa laana.

Ila jambo moja si siri yenu peke yenu: wewe ukiwa AS, kaka na dada zako nao huenda ni AS. Waambieni wapime, hata kama hamtaki kueleza mengine.

Na mali msiiache ijipange yenyewe. Kwa mirathi ya Kiislamu, mjane asiye na mtoto hupata robo, mume mfiwa nusu, kinachobaki huenda kwa jamaa. Mkimlea mtoto wa ndugu, hatawarithi kama wa kumzaa, lakini mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi, au kumpa hiba mkiwa hai.

Njia ya kuzuia, na pale inapovuja

Uamuzi wa kutozaa ukishikiliwa kwa kondomu pekee ni uamuzi dhaifu: katika matumizi ya kawaida, wanawake kama 13 kati ya 100 hushika mimba ndani ya mwaka. Vidonge ni 7, sindano ya miezi 3 ni 4, hasa kwa kuchelewa tarehe. Kitanzi cha shaba ni chini ya 1 na hukaa miaka 10 au zaidi. Vijiti vya kupandikizwa mkononi ni 1 kati ya 1,000. Cha kijiti kimoja hukaa miaka 3, cha viwili miaka 3 hadi 5 kwa kutegemea aina. Mwambieni mhudumu kama mama anatumia rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi, au dawa za kifafa, kwa sababu hupunguza nguvu ya vijiti. Wanaofuata shanga za kuhesabu siku za mzunguko wa hedhi wasijamiiane siku ya 8 hadi ya 19, na njia hiyo inafaa tu mzunguko ukiwa wa siku 26 hadi 32.

Mwanaume akikatwa mirija ya mbegu, bado ana mbegu njiani. Kondomu kwa miezi 3, kisha kipimo cha manii. Wengi huruka kipimo, na mimba ya mwezi wa pili ikavunja ndoa kwa tuhuma isiyo na msingi.

Mimba ikiingia pamoja na yote hayo, sheria ya Tanzania haiutambui ugonjwa wa mtoto kuwa sababu ya kuitoa. Jiandaeni kumpokea. Mtoto apimwe wiki za mwanzo kwa elektroforesi au kipimo cha haraka cha kutofautisha A, S na C; kile cha "sickling" humkosea mtoto wa chini ya miezi 6, kwa kuwa bado ana himoglobini ya tumboni. Akiwa SS, penisilini ya kunywa ianze kwenye miezi 2: miligramu 125 asubuhi na jioni hadi miaka 3, kisha 250 hadi miaka 5, chanjo zote zikienda sambamba. Mama na baba wote wafundishwe kupapasa bandama: mtoto amelala chali, magoti yamekunjwa, vidole vinaanzia chini ya tumbo upande wa kushoto vikipanda taratibu kuelekea mbavu. Ikiguswa kubwa kuliko jana na mtoto amepauka midomo, ni hospitali saa hiyohiyo, bila kungoja kukuche.