Jinsi ya kuchimba ngome ya mlimani na makazi ya chini yake bila kutoboa sakafu

Kuna mdogo wangu wa chuo anaenda kwenye uchimbaji wa akiolojia kwa mara ya kwanza, nilichomwelekeza nakiweka hapa. Mfano ni Great Zimbabwe, magofu ya kale kule nchini Zimbabwe, kuta za mawe kilimani na makazi bondeni, kati ya karne ya 11 na 15 hivi.

1. Kibali, ramani, vigingi, kamba. Haya mnayajua.

2. Usikimbilie kilele. Kule juu picha zinatoka vizuri ila Richard Hall, aliyekuwa msimamizi wa magofu, alishafukua 1902 mpaka 1904 akatupa matabaka ya udongo yenye mabaki ya waliokaa pale akiona ni uchafu tu. Ndo maana mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alipokuja 1929 alienda kuchimba magofu ya Maund bondeni, hayakuwa yameguswa sana. Tafuta pa hivyo.

3. Sakafu. Hapa ndo watu wanalia. Nyumba zilikuwa za udongo wa kukandika, dhaka, zikianguka ukuta unalala juu ya sakafu na vyote vina rangi moja, ukiwa na sururu umeshatoboa kabla hujajua. Sururu iache kwenye gari, tumia mwiko mdogo wa fundi, wenye ncha. Nyunyizia maji kidogo (kidogo jamani, siyo kumwagilia bustani) asubuhi kabla jua halijawa kali, rangi zitaachana. Bonge lenye alama za fito ni ukuta ulioanguka, endelea. Ukikuta pagumu, bapa, panaendelea pande zote, simama, hiyo ni sakafu. Ila kichuguu nacho kinakuwa kigumu hivohivo, kwa hiyo angalia kwanza kwenye ukuta wa shimo kama ule mstari unaenda mbali au unakatika. Na wale wa kushuka sentimita kumi kumi bila kujali tabaka, mi siwaelewi kabisa, unachanganya vigae (vipande vya vyungu) vya vizazi viwili kwenye mfuko mmoja!

4. Chekecheke ya matundu ya milimita 2. Ya mafundi ya mchanga inapitisha shanga zote za kioo.

5. Kuunganisha mlima na bonde: linganisha vigae na shanga, tabaka kwa tabaka. Pale iliwahi kupatikana sarafu ya Kilwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa mwanzoni mwa karne ya 14, lakini sarafu inakwambia tu tabaka haliwezi kuwa la kabla yake, la baadaye sana linaweza. Kwa maabara ya kupima umri peleka mbegu zilizoungua, mkaa wa gogo unaweza kuwa wa mti uliokuwa mzee tayari.

6. Tandika turubai, fukia.