Jinsi ya kuwa loya wa ajali na uhamiaji Marekani
Njia ya kawaida ni digrii ya miaka 4, shule ya sheria miaka 3, alafu mtihani wa uwakili wa jimbo. Wenye LLB (digrii ya kwanza ya sheria) ya huku kwetu wengi huongeza LLM (digrii ya pili ya sheria) ya mwaka 1 ndo wanajaribu mtihani wa New York au California. Sasa utamu uko hapa, uhamiaji ni sheria ya serikali kuu kwa hiyo leseni ya jimbo moja inakutosha kutetea mteja wa uhamiaji popote Marekani, ila kesi za ajali zinafuata sheria za jimbo. Ajali unalipwa mkishinda, mara nyingi kama theluthi ya fidia, na zinajivuta kweli, so mwanzoni uhamiaji ndo italipa kodi ya ofisi. Kiswahili chako kitangaze, wakimbizi wa Kongo huko wako kibao.