Jinsi ya kutafuta pesa za PhD ya sheria au kriminolojia, hatua kwa hatua

Wadau, kazi yangu inanikutanisha sana na maombi ya ufadhili wa PhD za sheria na za kriminolojia (taaluma inayochunguza uhalifu), na kinachowaangusha watu mara nyingi wala sio alama, ni kwamba mtu ana swali zuri kabisa ila kalipeleka kwa mfadhili asiyehusika nalo. Pesa za sheria hazikai sehemu moja, kwahiyo usianze na kugugo skolashipu, anza na swali lako.

Hatua ya 1: jua swali lako linajibiwa na nini
Chukua mfano wa dhamana. Ukiuliza mahakama zimekuwa zikitafsiri vipi haki ya dhamana, utajibu kwa kusoma hukumu, katiba na vifungu, hiyo ni sheria ya vitabuni. Ila ukiuliza kwanini mahabusu maskini anabaki ndani wakati dhamana iko wazi, hapo inabidi ukakae mahakamani, uhoji mahakimu, mawakili na mahabusu wenyewe, na hiyo tayari ni sayansi ya jamii. Mada ni ileile lakini wanaotoa pesa ni tofauti. Uingereza kwa mfano baraza la AHRC, linalofadhili utafiti wa sanaa na humanitia, ndo lina sheria ya upande wa nadharia, historia na uchambuzi wa vifungu, na kriminolojia pamoja na utafiti wa sheria ndani ya jamii viko ESRC, baraza la utafiti wa uchumi na jamii. Ukikosea dirisha hapo jopo linalopitia maombi halitakuhurumia, manake wanasoma kwa vigezo vyao. Andika swali lako kwa sentensi mbili, alafu chini yake andika data itatoka wapi, ukishindwa hiyo ya pili bado hujawa tayari kuomba.

Hatua ya 2: msimamizi kwanza, fomu baadaye
Anza mwaka mzima kabla ya muda wa kuanza masomo. Mwandikie profesa imeili fupi, swali lako, mbinu, na kwanini yeye, ukitaja kazi yake uliyoisoma kweli. Hii sio adabu tu, sehemu nyingi idara ndo inakupendekeza kwa mfadhili, na dedilaini ya ndani ya idara inatangulia ile unayoiona kwenye tangazo, wengi wanachelewa hapo hapo bila kujua.

Hatua ya 3: panga mifuko kwa aina
Kuna skolashipu za kawaida, kama Commonwealth kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, DAAD (shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi), au Gates Cambridge ambayo ni kwa raia wa nchi yoyote isipokuwa Uingereza. Kuna PhD ambazo ni ajira, Uholanzi na Sweden ziko nyingi, unalipwa mshahara kama mfanyakazi, kwahiyo zitafute kwenye matangazo ya kazi. Taasisi ya Max Planck ya Freiburg inayotafiti uhalifu, usalama na sheria nayo ifuatilie kwa karibu. Mitandao ya PhD ya Marie Skłodowska-Curie, mpango wa Umoja wa Ulaya, inapokea uraia wowote ila ina sharti la kuhama: usiwe umeishi au kufanya kazi nchi unayoenda zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Na kama uko mwaka wa mwisho wa kuandika na mada yako ni vurugu au ukatili, angalia Harry Frank Guggenheim Foundation, hawabagui nchi.

Hatua ya 4: onyesha utaingiaje
Hapa naomba utulie, manake hapa ndo kriminolojia inatofautiana na masomo mengine. Ukiandika utahoji wafungwa, swali la kwanza la jopo ni nani atakufungulia geti. Tafuta barua mapema kutoka mamlaka ya magereza, polisi au shirika linalofanya kazi humo, hata barua ya kusema wako tayari kuongea inasaidia sana. Alafu weka mpango wa pili, mfano ukinyimwa ruhusa utahoji waliotoka gerezani au utatumia mafaili ya kesi, na useme wazi swali litabadilika kiasi gani. Kwenye maadili usiishie kuandika "nitatunza siri", sema utafanyaje mtu akikusimulia kosa ambalo halijaripotiwa au akisema anataka kumdhuru mtu, na mhojiwa ataelezwaje kuwa siri ina mpaka kabla hajafungua mdomo. Mfungwa anayeogopa askari aliyesimama mlangoni hajaridhia, hata kama kasaini fomu, kwahiyo eleza na hilo utalishughulikia vipi.

Hatua ya 5: bajeti
Tenganisha ada, posho ya kuishi na gharama za uwandani. Watu wanasahau mkalimani, kuandika mahojiano kutoka kwenye rekodi (saa moja ya sauti inakula saa nyingi za kuandika), na sehemu salama ya kuhifadhi data. Kama unaenda Uingereza kutoka nje, mabaraza ya UKRI (shirika mama la AHRC na ESRC) yanaruhusu wanafunzi wa kimataifa tangu 2021, ila kwa kikomo cha asilimia 30 ya nafasi, na pesa yao ya ada inahesabiwa kwa kiwango cha mwenyeji, yaani ada ya mwanafunzi wa Uingereza, hivyo uliza chuo kwa maandishi nani analipa tofauti.

Hatua ya 6: wadhamini, yaani wanaokuandikia barua za mapendekezo
Wape proposo (andiko la utafiti wako) na vigezo vya mfadhili mapema, basi.

Hatua ya 7: ofa ikija, isome kama mkataba
We ni mwanasheria, itendee hivyo. Angalia pesa ni ya miaka mingapi ukilinganisha na urefu wa programu, ukiugua au ukijifungua inakuaje, unaruhusiwa kufanya kazi saa ngapi, kuna sharti la kurudi nyumbani ukimaliza, na kama mfadhili ni wizara au jeshi la polisi, nani ana neno la mwisho juu ya kuchapisha matokeo. Hicho kifungu cha kuchapisha ukikiona hakijaeleweka, omba kirekebishwe kabla hujasaini.