RAM ya seva ya Linux: nani anaila, na namba ipi uiamini

1. Tazama hali ya jumla

`free -h`

Safu ya kusoma ni `available`. Hiyo `free` iache. Linux haiachi RAM ikae bure: faili zinazosomwa kutoka kwenye diski hubaki kama akiba kwenye `buff/cache`, na programu ikihitaji nafasi, sehemu kubwa ya akiba hiyo huachiliwa papo hapo. Seva yenye 3.8Gi inayoonyesha `free` 142Mi na `available` 2.1Gi ni nzima kabisa. Wanaoweka `echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches` (amri ya kufuta akiba hiyo) kwenye cron, yaani ratiba ya kazi za kujirudia, wanajisumbua bure: namba itapendeza kidogo, kisha diski itahangaika kusoma upya vitu vilevile.

2. Tafuta mlaji

`ps -eo pid,user,rss,comm --sort=-rss | head -15`

RSS ni RAM ambayo mchakato (programu inayoendeshwa) unaishikilia sasa, na hapa ni kwa kilobaiti. Kwa programu moja moja inatosha. Hatari inaanza pale unapojumlisha.

Chukua hifadhidata ya PostgreSQL yenye `shared_buffers` (RAM inayotumiwa kwa pamoja na michakato yake yote) ya 1GB na miunganisho 30. Kila muunganisho ni mchakato wake, na kila ukurasa (kipande kidogo cha RAM) wa ile 1GB ambao mchakato umeugusa unahesabiwa kwenye RSS yake. Ukijumlisha unaweza kupata GB 20 na ushee kwenye mashine ya GB 4, kisha uanze kusaka uvujaji ambao haupo. RAM ni ileile, imehesabiwa mara 30.

Namba ya kujumlisha ni PSS, inayougawa kila ukurasa wa pamoja kwa idadi ya michakato inayoutumia:

`sudo smem -tk -s pss`

Walaji wakubwa watakuwa chini kabisa, juu ya mstari wa jumla. Usiisahau `sudo`, maana bila hiyo utaona michakato yako tu na jumla itakudanganya kwa upande wa pili. Kama smem haipo na huwezi kuiweka, kuanzia kerneli 4.14 unasoma mwenyewe, ukiweka PID (namba ya mchakato) yako badala ya 2187:

`sudo grep ^Pss: /proc/2187/smaps_rollup`

Usiiendeshe kila sekunde, kwani kerneli hupitia kurasa zote za mchakato ili kupata jibu.

Bado hesabu haijakaa sawa? Kuna sehemu mbili za kuchungulia. Ya kwanza ni tmpfs, mfumo wa faili unaokaa kwenye RAM: faili iliyotupwa `/dev/shm` inakaa kwenye RAM, inahesabiwa ndani ya `buff/cache`, lakini haiachiliki kama akiba nyingine, na mara nyingi haionekani kwa mchakato wowote. `df -h -t tmpfs` itaitaja. Ya pili ni hugepages, kurasa kubwa za RAM zinazotengwa kando, ambazo haziingii kwenye RSS wala PSS; angalia `HugePages_Total` ndani ya `/proc/meminfo`.

3. Je, mashine inateseka?

`vmstat 1 10`

Mstari wa kwanza uruke, ni wastani tangu mashine iwashwe. Tazama `si` na `so`: kinachoingia kwenye RAM kutoka swap (sehemu ya diski inayoshika kurasa zilizotolewa kwenye RAM), na kinachotoka kwenda huko. Swap kuwa na vitu ndani si kosa. Kosa ni safu hizo mbili kuwa na namba kubwa mstari baada ya mstari, maana yake kurasa zinaingia na kutoka bila kupumzika.

4. Programu imekufa ghafla

`sudo journalctl -k | grep -i "out of memory"`

Ukikuta `Killed process`, kerneli iliua mchakato kwa kukosa RAM; soma `anon-rss`, RAM iliyokuwa ya mchakato huo. `total-vm` ni anwani zilizoombwa, si RAM iliyoliwa. Mstari ukianza na `Memory cgroup`, kilichojaa ni kikomo cha kontena au cha huduma ya systemd, na seva yenyewe inaweza kuwa na nafasi tele. Hapo kuongeza RAM hakusaidii, linganisha `memory.current` na `memory.max` za cgroup husika (kundi la michakato lenye kikomo chake), kisha pandisha kikomo au punguza michakato ya programu.