Kabla hujaingia nusu kaputi

"Mama, umekula nini tangu usiku?" Mama mdogo akajibu bila kusita: "Sijala kitu, mwanangu." Wala hakusema uongo. Alfajiri alikuwa amekunywa kikombe kimoja cha uji wa mtama, na kwetu uji hauliwi, uji unanywewa. Bahati nzuri mtaalamu wa usingizi alikuwa mtu wa huku huku kusini, akauliza tena, "Na kunywa je?" Upasuaji ukaahirishwa hadi kesho yake, na sisi tuliomsindikiza kutoka Newala tukatandika tena kanga zetu barazani.

Naandika kwa ajili ya wanaojiandaa kushuka kwenda hospitali za Ligula, Ndanda, Nyangao au kwingineko kufanyiwa upasuaji. Maandalizi mengi ya nusu kaputi yanafanyika nyumbani, siku kadhaa kabla, na yanategemea kuelewa jambo moja: tunaiita usingizi, lakini si usingizi. Aliyelala kitandani kwake anameza mate, anakohoa kitu kikimpalia, anajigeuza mkono ukifa ganzi, na ukimwita jina anaamka. Ubongo wake unazunguka kati ya usingizi mzito na wa ndoto, kila mzunguko kama dakika 90. Kwenye nusu kaputi hayo yote yanazimwa kwa dawa. Hata neno lenyewe, ambalo "kaputi" yake ilitoka kwa Wajerumani, linasema mtu amekuwa nusu ya kitu kilichoharibika. Akishafikia hapo, kazi ya kumlinda inahamia kwa anayekaa kichwani pake akihesabu pumzi.

Ndiyo maana kikombe kile cha uji kilikuwa na uzito. Koo lisilokohoa haliwezi kuzuia kilichomo tumboni kisipande na kuingia kwenye mapafu, na tindikali ya tumbo inaunguza mapafu vibaya. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa huachwa saa 6 kabla. Wali wa nazi, samaki wa kukaanga na vyote vyenye mafuta mengi vinahitaji saa 8 au zaidi, maana vinakaa sana tumboni. Mtoto anayenyonya huachishwa titi saa 4 kabla. Maji matupu au chai ya rangi huruhusiwa hadi saa 2 kabla, ila fuata saa uliyopewa na hospitali yako. Bibi anayemhurumia mjukuu na kumpenyezea andazi aelezwe hili mapema, kwa upole, kabla hamjaondoka nyumbani. Na kama mgonjwa amekula, semeni. Ikiwa ni dharura isiyosubiri, wataalamu wana namna ya kumlinda, mradi wajue.

La pili ni pombe, na hapa nawasemea hasa wazee wetu. Msimu wa mabibo uraka haukosekani, na nipa ipo hata baada ya msimu. Ubongo uliozoea pombe hauitikii dawa ya usingizi sawasawa na ubongo wa asiyekunywa, na mnywaji wa kila siku akikatishwa ghafla wodini anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata degedege. Sasa mzee anaulizwa swali hilo mkwewe akiwa amesimama pale pale! Atasema hanywi. Kwa hiyo anayemsindikiza aombe mzee aachwe peke yake na daktari, na mzee ataje kiasi kwa kipimo anachokijua, kikombe au chupa. Vivyo hivyo sigara, ugoro, na dawa za miti shamba. Hakuna anayekuuliza ili akuaibishe.

Magonjwa nayo: pumu, presha, kisukari, kifafa, sikoseli. Mwenye sikoseli asinyamaze kabisa, kwa sababu baridi, upungufu wa maji na wa hewa ya oksijeni vinaweza kumwamshia maumivu makali. Beba vidonge vyenyewe na makasha yake badala ya kusema "vile vyeupe". Usiache dawa kwa uamuzi wako, uliza ipi inamezwa asubuhi ile na ipi inasubiri, hasa ya sukari kwa kuwa utakuwa na njaa. Waulize pia mama na wajomba kama kuna ndugu aliyewahi kupata shida kubwa akiwa nusu kaputi. Kuna hitilafu adimu ya kurithi inayofanya mwili uwake joto na misuli ikakamae kwa baadhi ya dawa hizi, na daktari akijua mapema anachagua nyingine.

Hina na piko. Kile kibanio cha kidoleni kinapitisha mwanga kwenye nyama ya kidole ili kusoma oksijeni kwenye damu, na rangi nyeusi inaweza kukichanganya. Kama harusi imekaribiana na upasuaji, acha japo vidole viwili bila kupaka. Rangi ya kucha ifutwe. Jino bandia na jino linalotikisika vitajwe, maana mrija wa kupumulia unapita hapo hapo. Pete ivuliwe.

Uliza pia utapewa dawa ya namna gani. Ganzi ya mgongoni, inayotumika sana kwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, inakuacha macho. Utasikia mavutano na mlio wa vyuma, pasipo maumivu. Ketamini ni tofauti: mgonjwa anaweza kuwa amefumbua macho na hayupo, na akirudi anaweza kusimulia mambo ya ajabu au kulia. Nimeona ndugu wakianza kunong'onezana habari za majini kwenye kitanda cha kijana wa watu, kumbe ni dawa inaisha. Mkiliona hilo mwiteni muuguzi, punguzeni kelele, mmoja wenu amshike mkono na kumwita jina taratibu.

Wengine wanaogopa kwamba watatoa siri, kana kwamba wanaenda kupumbazwa. Huko kupumbazwa, yaani hipnosi, ni jambo jingine: mtu yuko macho, ameelekeza fikra zake zote kwenye sauti ya mwingine. Miaka ya 1840 daktari James Esdaile alipasua wagonjwa huko India kwa njia za namna hiyo, kabla etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, haijaonyeshwa hadharani Boston, Marekani, mwaka 1846. Kwenye nusu kaputi hakuna sauti unayoitii.

Kuhusu ridhaa, najua kwetu neno la mjomba lina uzito. Apigiwe simu wiki moja kabla, asisubiriwe saa ya kuingia. Mtu mzima mwenye akili timamu anasaini mwenyewe.

Na panga kurudi. Kwa saa 24 usiendeshe bodaboda, usisaini hati ya shamba wala mauzo ya korosho, usionje nipa, na usilale peke yako nyumbani.

Kesho yake mama mdogo aliulizwa swali lile lile. "Sijala, sijanywa uji," akasema. "Nimepiga funda moja la maji na kidonge cha presha, saa kumi na moja." Mtaalamu akaandika kila neno.